Mezani kwa Opal, Msimu wa Vitunguu Pori

Jumapili, 19 Machi

Theluji imeyeyuka upande wa mlima unaopata jua, na vitunguu pori vimeanza kuchomoza masikio. Nimeviona asubuhi nilipokwenda kusoma kopo la mvua. Watu wa wilaya huniomba niwaandikie kila siku kilichoanguka kutoka juu, tangu mwaka ule mto ulipoingia jikoni kwetu bila kubisha hodi. Kwenye daftari lao naandika mvua. Humu naandika yaliyobaki.

Jana alishuka Wendell. Gari la nyumba ya matibabu lilimwacha barabarani na mfuko mmoja, likageuza upesi kama lililokuja kutupa paka. Ana miaka thelathini na minne na amekonda, suruali inamning'inia. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri ya kumpokea mwanangu, hata nimeyafanyia mazoezi nikiosha vyombo. Yaliyotoka ni haya: "Futa viatu."

"Nimefuta, Mama."

"Futa tena."

Leo asubuhi nimemwona akiweka kitu chini ya ulimi, kijikaratasi chembamba cha rangi ya chungwa, kisha akakaa kimya, mikono mapajani. Nikamuuliza ni nini hicho. Akanyooshea kidole mdomo: haruhusiwi kusema wala kula mpaka kiyeyuke. Kumbe ndiyo dawa ya kliniki ya kumtuliza ile hamu ya unga. Nikasema, "Yaani umeacha dawa ya kulevya kwa kutumia dawa ya kulevya?" Hakuweza kunijibu. Nikaona nimeshinda mjadala.

Jumatatu, 20 Machi

Mvua. Wendell amelala, ameamka, amelala.

Alhamisi, 23 Machi

Opal Hinkle amepiga simu kuhusu karamu ya vitunguu. Kila Aprili, Pigeon Fork nzima hula vitunguu pori kwenye jumba la zimamoto, na wageni hutoka mpaka ng'ambo ya jimbo kuja kununua sahani, na hicho ndicho kinachotia mafuta kwenye gari la zimamoto mwaka mzima. Mkuu wa zimamoto ni Burl. Mkuu wa Burl, siku za karamu, ni Opal. Mimi humenya na hunyamaza, ndiyo maana tumedumu marafiki miaka thelathini.

"Nasikia amerudi," akasema.

"Amerudi. Anataka kusaidia kuchimba na kumenya, kama zamani."

Nikasikia kisu chake kikigonga ubao upande wa pili.

"Ardith, teja hamenyi vitunguu vyangu."

"Ameacha, Opal."

"Ameacha nini? Si anameza ile ya kliniki? Aache na hiyo. Siku atakapokuwa mtupu kabisa, hana kitu mwilini ila damu aliyopewa na Mungu, aje akae mezani."

Ningeweza kukasirika, ila najua anakotoka. Miaka mitatu iliyopita dari la mgodi lilipoporomoka, chini walikuwa wawili: Wendell wangu na Denver wake. Walianza pamoja darasa la kwanza, wakaingia mgodini wiki moja. Wangu alitoka na mgongo uliovunjika. Wake alitoka siku ya pili, amefunikwa. Tangu mazishi, Opal hajamtamkia Wendell neno. Mtu aliyepewa uhai ambao mwanawe alinyimwa, halafu akautia kwenye sindano: ningekuwa mimi, sijui ningesema nini. Pengine nisingepiga hata simu.

Jumapili, 26 Machi

Kanisani mchungaji amewaombea "walio katika minyororo," akiangalia benchi letu kwa muda mrefu kidogo kuliko ulivyohitajika. Wendell ameninong'oneza, "Niinue mkono, Mama, au ameshanihesabu?" Nimecheka katikati ya sala. Watu wamegeuka.

Jumatano, 29 Machi

Jua. Tumepanda mlimani kuchimba. Wendell anachimba kama baba yake alivyomfundisha: katika kila shada anachukua kidogo, vingine anaviacha vizae. Kila akiinama, husimama kwa vipande, kiuno kwanza, kisha mabega, kisha uso. Nikamwambia apumzike. Akasema amepumzika miaka mitatu.

Mimi nimekuwa na maelezo mengi juu ya ugonjwa wa mwanangu, na huyabadilisha kama mapazia. Kwanza nilisema ni daktari, yule aliyekuwa akitoa vidonge vya maumivu kama njugu, halafu kliniki yake ikafungwa ghafla na wagonjwa wakabaki njiani, miili imeshazoea, mikono mitupu. Waliokuwa wakiuza unga mjini hawakufunga. Halafu nikasema ni marafiki. Halafu ni ukoo wa baba yake, maana marehemu hayupo kujitetea. Katika yote hayo sikuwahi kumuuliza Wendell mwenyewe. Mtu hamuulizi moto kwa nini umeunguza nyumba.

Hata leo sikumuuliza. Tulikuwa na magunia ya kujaza.

Jumamosi, 1 Aprili

Nimemwambia sharti la Opal. Nilichagua wakati wa kifungua kinywa, kijikaratasi kikiwa kimeshayeyuka, ili asiseme nimemvizia.

"Jaribu tu, mwanangu. Baba yako aliacha sigara kwa siku moja."

"Baba aliacha sigara mapafu yalipokwisha, Mama."

"Aliacha lakini."

Akakoroga kahawa, ingawa hatii sukari. "Ndivyo Bi Hinkle alivyosema? Kwamba niache, ndiyo nikae mezani?"

Zamani alikuwa akimwita Mama Denver. Nilikiona hicho, nikakipita.

"Ndivyo alivyosema. Na mimi naona ana haki."

Jumanne, 4 Aprili

Mvua.

Jumatano, 5 Aprili

Mvua, na habari njema: Wendell ameacha dawa ya kliniki. Ameniambia huku akifunga kamba za viatu, hakuniangalia. Nimeoka keki ya tufaha, nikampigia Opal.

"Tutaona," akasema. Kwa Opal hiyo ni kama kupigiwa ngoma.

Jumapili, 9 Aprili

Hakwenda kanisani. Anatoka jasho, anapiga miayo, pua zinamtiririka, miguu haitulii chini ya blanketi. Anasema ni mafua. Nimempa supu ya kuku. Arosto, mwili unapodai dawa yake, naijua, nimeishi nayo nyumba moja. Lakini na mimi nimesema ni mafua, maana mafua hayana mtu wa kulaumiwa.

Jumatano, 12 Aprili

Siku ya kwanza ya kumenya, kwenye jumba la zimamoto. Meza ndefu, magunia pembeni, maji baridi yanayoua vidole, na ile harufu inayokaa kwenye nywele mpaka Juni. Wendell amekuja, amenyoa. Opal amemtazama toka juu mpaka chini kama anayekagua nyama, akamwonyesha kiti cha mwisho, karibu na mlango. Hakumsemesha. Lakini alimpa kisu.

Burl akapiga kelele, "Wendell! Umerudi kunisaidia kwa hawa mama? Wamenifanya punda!"

"Punda ana kazi zaidi yako," akasema Opal. Wakacheka. Wendell akacheka pia, mikono ikitetemeka. Nikajiambia ni maji baridi.

Alhamisi, 13 Aprili

Naandika kwenye kiti cha hospitali. Kopo la mvua leo halijasomwa.

Tulikuwa tunamenya. Ukimenya, macho yako kwenye kisu, basi ulimi hujiendea. Opal alianza kusimulia, na haikuwa kawaida yake, kisa cha Denver alipokuwa na miaka tisa: alikula vitunguu vibichi kwa makusudi ili mwalimu amfukuze darasani kwa harufu, akafukuzwa, halafu akakuta siku hiyo darasa limepelekwa kuogelea. Meza nzima ikavunjika mbavu. Opal mwenyewe alicheka mpaka akafuta macho kwa kiwiko. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akilitaja jina lile bila sauti kukatika.

Wendell aliweka kisu chini taratibu, akasema anakwenda msalani.

Nilihesabu vitunguu kama mjinga. Nilijiambia, nikimaliza hiki nitakwenda kumwangalia. Nikachukua kingine. Aliyesimama wa kwanza alikuwa Opal. Alibisha mlango wa choo, akaita "Wendell," jina alilokuwa hajalitamka miaka mitatu, akabisha tena, kisha akaita kwa sauti iliyotufanya sote tusimame: "Burl! Vunja!"

Alikuwa sakafuni, midomo ya bluu, rangi ya uso imehama. Mimi nilisimama mlangoni nikiwa bado na kisu mkononi. Opal alipiga magoti, na magoti yake ni mabovu kuliko yangu, akamwinua kidevu, akaanza kumpulizia pumzi mdomoni. Burl akaja na ile dawa ya kupuliza puani, ya kumwamsha aliyezidisha unga, kutoka kwenye gari la zimamoto, akapuliza. Hakuna kitu. Akapuliza ya pili. Opal alikuwa akisema kati ya pumzi na pumzi, si sala, bali kama anayegombana na mtu: "Hapana. Na huyu hapana. Huyu humchukui."

Wendell akavuta hewa kwa kishindo, akatapika juu ya viatu vya Opal.

"Viatu vyangu vya Pasaka," akasema Opal. Kisha akakaa pale pale kwenye sakafu ya choo, akakiweka kichwa cha mwanangu mapajani, akalia.

Ijumaa, 14 Aprili

Yu hai. Matapishi yameingia mapafuni, watamweka siku kadhaa. Muuguzi ni jamaa mkubwa mwenye ndevu, amechorwa samaki mkononi. Ameniuliza, "Mama, nani alimwambia aache dawa?"

Nikaangalia dirisha. Mvua ilikuwa inanyesha, kwa bahati.

"Mtu akikaa bila unga kwa muda, mwili unasahau kuuvumilia," akasema. "Ile dawa haimlevyi. Inamweka wima. Ukiiondoa ghafla, akirudi kwenye unga mara moja tu, anaweza kwenda moja kwa moja." Hakusema kwa hasira. Ningependa angekasirika, hasira najua kuijibu.

"Ni mimi," nikasema.

"Sawa," akasema. "Basi ni wewe utakayemwambia airudie." Akaniletea kahawa mbaya sana.

Jumamosi, 15 Aprili

Wendell ameamka vizuri. Nimemwomba radhi. Sikuwa nimefanya mazoezi, ikatoka mbaya, nusu yake ilihusu keki ya tufaha. Akasema, "Mama, nyamaza kidogo." Nikanyamaza. Halafu nikamuuliza, kwa mara ya kwanza, siku ile mgodini ilikuwaje.

Akaangalia dari la hospitali kwa muda. Ni tabia yake, kila chumba anachoingia hukagua dari.

"Tulikuwa tunafunga vyuma vya dari. Kwa zamu, mimi nilitakiwa upande wa ndani. Nikamwambia Denver, nishikie nafasi, nifunge kamba ya kiatu. Kamba tu, Mama. Dari likashuka upande wa ndani."

Nikakumbuka asubuhi ile aliponiambia ameacha dawa, huku akifunga viatu.

"Nililala pale na mgongo umekatika. Mkono wake ulikuwa umetoka kwenye mawe. Nikaushika. Alikuwa akinibana. Halafu akaacha."

"Hukuwahi kusema."

"Hakuna aliyeniuliza. Wote waliuliza mgongo. Mgongo, mgongo. Wakaupiga picha mbele na nyuma. Wakanipa kidonge cha mgongo, nikakimeza, na Mama, kichwa kikanyamaza. Mara ya kwanza tangu siku ile. Mgongo uliendelea kuuma vile vile. Nilirudi kuchukua kingine kwa ajili ya ule ukimya."

Maelezo yangu yote, daktari, marafiki, ukoo wa marehemu, yalikuwa na ukweli kidogo, na yote yalikuwa nje ya nyumba. Huyu alikuwa ndani na mkono wa mtu miaka mitatu, nasi tunamwambia ajikaze.

Jumapili, 16 Aprili, Pasaka

Opal amekuja baada ya ibada, amevaa raba, amebeba nyama ya nguruwe ya kutosha wodi nzima. Akaniambia niende kutafuta chai. Nikatoka, nikasimama nyuma ya mlango. Sijivuni, wala sijutii.

"Nimekuja kukuuliza jambo moja," akasema, "na usinipambie."

"Uliza, Bi Hinkle."

"Alikufa peke yake?"

Toroli la dawa lilipita na magurudumu yanayolia, nikatamani kulipiga teke.

"Hapana. Nilimshika mkono. Alijua ni mimi, alikuwa akinibana. Sikumwachia mpaka walipokuja kunitoa, na hata wao walinibandua kwa nguvu."

Nikasikia kiti kikivutwa.

"Miaka mitatu," Opal akasema, "kila nikizima taa namwona mwanangu kwenye giza lile, anaita, hapati mtu. Miaka mitatu, Wendell! Kwa nini hukuja kuniambia?"

"Ningekuambiaje? Alikuwa kwenye nafasi yangu. Nilikwenda kufunga kamba, Mama Denver. Nilidhani ukijua utanichukia."

"Nilikuwa nakuchukia tayari, mpumbavu wewe. Ungenipa angalau na hilo la kushikilia."

Halafu sikusikia maneno, nikasikia watu wawili wakilia, mmoja vibaya kwa sababu ya mapafu. Nikaenda kutafuta chai kweli.

Jumanne, 18 Aprili

Amerudi nyumbani. Kliniki imemwanzishia dawa upya. Anasema hawezi kuniahidi kuwa haitatokea tena. Nimemwambia sijamwomba ahadi. Nilitaka sana kumwomba.

Alhamisi, 20 Aprili

Mvua kubwa, mto umepanda lakini umebaki kwake. Kumenya kumeendelea. Mzee Lantz na mkewe wameondoka mezani Wendell alipoketi. Wamesema wana kazi za nyumbani. Opal amesema nyumba yao kweli inahitaji kazi. Wengine tumeendelea na visu. Mtu mmoja, sitamtaja, ameniuliza chini chini hiyo dawa ya puani inapatikana wapi, ni kwa ajili ya binti wa jirani. Hana jirani mwenye binti. Nimemwambia kwa Burl, haulizi maswali.

Ijumaa, 21 Aprili

Miguu inauma. Magunia yamekwisha.

Jumamosi, 22 Aprili

Karamu. Kulipambazuka kukavu, na kufikia saa tano magari yalikuwa yamepangwa mpaka darajani. Kila kikaango kilikuwa na mafuta ya nguruwe na vitunguu, moshi ukawa mzito, Burl akasema zimamoto wakiitwa leo hawatajua pa kwenda. Wendell alikuwa kwenye viazi tangu alfajiri, akigeuza, akipakua, akiegemea ukuta mgongo ukimkatalia, akirudi. Mgeni mmoja wa mjini alimuuliza, "Kijana, kuna siri gani kwenye viazi hivi?" Akamjibu, "Baba, siri ni kwamba hatuoshi kikaango." Mgeni alicheka kwa wasiwasi, akaongeza sahani.

Sisi wapishi hula mwisho, wageni wakishaondoka, kwenye ile ile meza ya kumenyea. Tulikaa tukiwa hoi. Burl aliinua shati na kujidunga dawa yake ya kisukari tumboni, karibu kabisa na bakuli la maharage, kama afanyavyo kila mlo. Opal akasali kwa kifupi, maana hata Mungu alikuwa amechoka kutuona tangu asubuhi. Tukashika uma.

Wendell akasimama, akaelekea mlangoni.

"Unakwenda wapi?" Opal akauliza.

"Nje kidogo, Mama Denver. Nyie anzeni."

"Nje kuna nini?"

Mimi uma wangu ulikuwa hewani na moyo umeshafika chooni.

"Dawa yangu," akasema Wendell. Alisema kwa sauti, ingawa masikio yalimwiva. "Asubuhi niliwahi viazi, sikuinywa. Inachukua muda, na siruhusiwi kula. Sitaki kuwakalia hapa mdomo nimefumba."

"Burl ametuonyesha tumbo lake tangu mwaka juzi na hakuna aliyeomba," akasema Opal. "Kaa."

Akakaa. Akatoa kijikaratasi mfukoni, akakifungua mbele yetu sote, akakiweka chini ya ulimi. Vidole havikutetemeka.

Burl akanyoosha mkono kwenye mkate wa mahindi. Opal akampiga kofi mkononi.

"Hatuli mpaka amalize."

"Opal, viazi vinapoa!"

"Vimepoa tangu saa kumi, ndiyo maana tumepewa sisi."

Basi tukaweka uma chini, watu kumi na kitu wenye njaa ya kutwa, tukakaa. Tumbo la mtu likanguruma. Mwingine akajibu na lake. Mama mmoja akaanza kucheka, akajizuia, ikawa mbaya zaidi. Wendell alikuwa ameinamia sahani yake tupu. Nikamwona akiinua macho, akatutazama mmoja mmoja, kama anayehakikisha hakuna aliyeondoka. Opal alikuwa ameweka mkono wake juu ya meza, kando ya wake. Baadaye kidogo Wendell akaushika. Wakakaa hivyo, na sisi tukatafuta vitu vingine vya kuangalia, ukutani hakuna vingi.

Mwishowe akameza mate.

"Tayari," akasema.

Opal akachukua kijiko kikubwa, akampakulia wa kwanza.